Jukwaa Alilolipigania Baba

Nyumba namba 27, Mtaa wa Tanner,
Haslow, Lancashire,
Uingereza.

Jumapili, 19 Novemba 2023

Mpendwa kaka yangu Russell,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi na mvua isiyokatika. U hali gani, kaka? Wifi yangu Marama anaendeleaje na mgongo wake? Na wanao hawajambo? Huko Dunedin najua kiangazi ndiyo kinaingia, nami nawaonea wivu, maana hapa jua likitokeza watu wanasogea dirishani kulitazama. Mimi ni mzima wa afya. Kazi pale maktaba inaendelea, ingawa wametupunguzia siku za kufungua.

Picha za nyumba yenu mpya zimefika. Nilimpa baba, akazitazama moja moja, akazirudisha kwenye bahasha, akaisukuma kando. Usiumie, kaka. Siku hizi ndivyo anavyofanya na kila kitu.

Ulipopiga simu nilikwambia amelala. Hakuwa amelala, alikataa tu kuja kwenye simu. Nisingeweza kukueleza haya naye yuko chumba cha pili anasikia, ndiyo maana nimeona nikae nikuandikie.

Wewe uliondoka watu wakiwa bado wanasimama nyuma ya goli, kwa hiyo hukumwona baba siku viti vilipoletwa. Baada ya watu kufa kwa kubanwa kule Sheffield, viwanja vikubwa viliamriwa viwe vya kukaa, na klabu yetu ilipopanda daraja nayo ikalazimika. Zile ngazi za saruji za Jukwaa la Kiwandani zikafungwa viti vya plastiki vya bluu. Baba na rafiki yake mzee Wilf wakachukua viti vyao palepale walipozoea kusimama, wakawa wanakaa kama watoto waliopelekwa kanisani kwa nguvu. Tangu hapo hawakuacha kudai kusimama kurudishwe. Mara mkutano wa mashabiki ghorofani kwenye baa, mara kumfuata mbunge, mara kuwachosha viongozi wa klabu mpaka wakawa wakimwona baba mlangoni wanatokea mlango wa nyuma. Wilf alifariki majira ya baridi mwaka juzi, bado anadai. Siku za mwisho hospitalini alimwambia baba, "Cliff, wakirudisha kusimama, mimi usiniwekee kiti."

Mimi sikuwa upande wao, na baba alilijua hilo. Ile siku ya mechi ya kombe nilipokuwa na miaka minane, unaikumbuka? Baba huisimulia kwa kucheka: umati ulisukuma, akaninyanyua, na mikono ya watu ikanipitisha juu ya vichwa mpaka chini uwanjani, nikaangalia mechi nimekaa na watu wa huduma ya kwanza. Anaisimulia kama sherehe. Mimi ninachokumbuka ni miguu yangu kuacha kugusa chini, na kifua cha mtu nisiyemjua kikinifunika uso, na kujaribu kumwita baba nikakosa pumzi ya kumwitia. Mama alinikataza kurudi, na sikurudi mpaka viti vilipowekwa. Kwa hiyo viti alivyovichukia yeye ndivyo vilivyonipa mimi uwanja, na baadaye vikanipa baba. Wilf alipokwisha kufa, nikachukua nafasi yake, na Jumamosi zikawa zetu wawili.

Mwaka huu sheria ikiwa imeshalegezwa, klabu ikatupigisha kura kama kusimama kurudi. Jioni ile tulikuwa mezani tunakunywa chai.

"Umesemaje?" baba akaniuliza.

"Nimesema hapana."

"Mtu akikuuliza kama unataka kupumua, nako utasema hapana?"

"Baba, una miaka themanini na mitatu. Utasimama na nini?"

"Na miguu. Ninayo miwili, hesabu."

Waliosema ndiyo wakashinda kwa mbali. Baba alivaa koti lake la harusi na misiba, akaenda makaburini kumpa Wilf habari. Kiangazi kizima alikuwa akishinda getini kuwatazama mafundi, na wao wakamzoea, wakawa wanamwita msimamizi.

Lakini kabla ligi haijaanza miguu ikaanza kumwangusha. Daktari alisema mishipa imeziba, damu haifiki inavyotakiwa, na kwa umri wake hawatathubutu kumpasua. Akapewa fimbo na mazoezi ya kufanya kila asubuhi. Baba alikubali yote, mradi Agosti asikose.

Na hakukosa. Kaka, ningetamani ungemwona. Kila safu sasa ina chuma mbele yake, usawa wa kiuno, ili watu wa nyuma wasiwaangukie wa mbele, na kiti kimekunjwa nyuma yako, hakuna anayekifungua mchezo ukiendelea. Baba alikishika kile chuma kwa mikono miwili. Jukwaa zima likaanza kuimba, naye akaimba, machozi yakimtoka bila kujificha. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu mama atutoke.

Haikupita muda nikaona magoti yake yanatetemeka. Nikamshika kiwiko, akautoa mkono wangu. Nikamshika tena, hakuutoa. Halafu akajikuta amekaa, na mbele yake hakuna kitu isipokuwa migongo.

Safu ya mbele yetu yupo Duggie, fundi bomba, mtu mpana kama kabati. Akageuka.

"Mzee Cliff, unaona kweli?"

"Naona matako yako, Duggie, na hayakuwemo kwenye tiketi."

Watu wakacheka, na Duggie akachuchumaa pale pale, wenzake wakajibana kuacha upenyo. Lakini safu ya mbele yao nayo imesimama, na ya mbele yake vilevile, mpaka chini. Duggie akapaza sauti, "Jamani, inameni kidogo, kuna mzee hapa haoni." Mtu wa chini, wala hakugeuka, akajibu, "Hapa ni pa kusimama, kaka. Anayetaka kukaa aende kule upande wa pili wanakokaa na mablanketi."

Hakujua anamsema nani. Duggie alitaka kushuka akamweleze, baba akamvuta shati.

"Mwache. Ana haki. Hata mimi ningemjibu hivyo hivyo."

Kisha tukafunga goli. Jukwaa likaruka lote, chuma kikatetemeka, na baba akaning'ang'ania mkono wa koti: "Nani kafunga? Gaynor, kafunga nani?" Sikuweza kumwambia. Nilikuwa nikimtazama yeye.

Klabu hawakutufanyia ubaya. Mama mmoja wa ofisini alinipigia mwenyewe, akatupa nafasi upande wa pili, karibu na lifti, pamoja na choo cha walemavu. Tulikwenda mara mbili. Watu wa kule ni wema, wanakula viazi, wanafunika watoto, na mechi haijaisha wameshaanza kutafuta funguo za gari. Baba hakuutazama mchezo. Alikuwa ametazama ng'ambo, Jukwaa la Kiwandani, namna linavyoyumba na kuimba kama mtu mmoja.

"Wanaimba vizuri," alisema.

Mara ya pili, mapumziko yalipofika, akaniomba nimrudishe nyumbani. Tangu hapo hajaenda tena.

Kaka, nilidhani ni hasira, na hasira ya baba sote tunaijua, inapita. Hii si hasira. Mazoezi ameacha. Muuguzi akija, baba anamsalimia vizuri, anamwacha aseme mpaka amalize, halafu hafanyi hata moja. Pai la nyama la dukani kwa Hindle analolipenda, nalipasha, linapoa. Redio Jumamosi haitaki. Nyumba iko mitaa miwili kutoka uwanjani, kwa hiyo kelele zinaingia hata hivyo, na anakaa anazisikiliza akiwa ameangalia ukuta.

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamwambia maneno ambayo pengine nisingepaswa. Nilimwambia, "Mimi nilisema hapana, baba. Tungekuwa tumekaa pale pale sasa hivi, wewe na mimi, unaona kila kitu."

Hakukasirika.

"Wangenipigisha kura leo," akasema, "ningesema ndiyo."

Nikajiuliza nigombane na nani tena.

Jumamosi iliyopita Duggie alipita kuniuliza mbona tiketi zetu zinalala. Nikamwambia Agosti nilikwenda kwa ajili ya baba tu, kule nyuma ya goli mimi siwezi, anajua sababu. Akasema, "Njoo mara moja tu, dada. Ukiona unabanwa nakutoa mwenyewe." Baba alikuwa anasikia. Akasema, "Nenda," kwa sauti ya mtu anayekuagiza maziwa. Nikaenda.

Nitakwambia wewe, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Kaka, nilifurahi. Mwanzoni nilikishika chuma mpaka vidole vikafa ganzi, nikingoja msukumo. Haukuja. Chuma hakikulegea, na nilikuwa na nafasi yangu, hakuna aliyeniegemea. Kipindi cha pili nikajikuta nimekiachia. Nikaimba nyimbo ambazo hata sikujua nimeziweka kichwani, nikamkumbatia mwanamke nisiyejua jina lake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa baba na Wilf walikuwa wakililia nini miaka yote ile. Nikalielewa nikiwa nimesimama kwenye nafasi ya baba, naye yupo mitaa miwili anatusikia.

Niliporudi sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nilimpa habari za hali ya hewa, nikasema nitaweka chai. Akanitazama.

"Umesimama."

"Nimesimama, baba."

"Raha?"

Ningeweza kusema nilipata hofu, angeniamini, anaijua ile hadithi kuliko mtu yeyote. Lakini aliyenilea hapendi kudanganywa kuhusu mpira.

"Raha," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa analijua.

"Basi usinisimulie," akasema.

Daktari hafichi tena. Anasema mwili unaweza kuendelea kidogo kama mwenyewe atataka, na mwenyewe hataki, na hilo halina dawa. Ukipata likizo, njoo kabla majira ya baridi hayajaisha. Lakini usije ukitarajia kumchangamsha. Nimejaribu, Duggie amejaribu, kasisi naye alikuja akaongea naye habari za winga wetu mpya, baba akamshukuru akafumba macho. Utakachokuta ni mzee mpole anayekubali kila unachosema. Mimi huo upole ndio unaonitisha.

Hapa mtaani ubishi bado haujaisha. Wengine wanasema kusimama kumerudisha uhai wa klabu, wengine wanasema wazee na wagonjwa wamefukuzwa kwa adabu. Wananiuliza mimi niko upande gani, kwa kuwa ni binti yake Cliff. Zamani nilikuwa na jibu.

Kuna watu wengi wanaosubiri nafasi kwenye Jukwaa la Kiwandani, na wiki hii yule mama wa ofisini ameniuliza, kwa upole wake uleule, kama bado tunazihitaji zetu zote mbili. Nimemjibu tunahitaji moja.

Nisalimie wifi yangu Marama sana, mwambie asiinue vitu vizito. Tane na Ruby waambie shangazi yao anawabusu, na kofia walizoomba zimeshafumwa, zimebaki kutumwa. Duggie anakusalimu, ingawa hamjuani, anasema amekusikia kwa baba miaka yote. Baba hakusema nikusalimie, nami sitakutungia salamu zake.

Mungu awalinde huko, awape afya na usingizi mzuri, na sisi huku atupe ya kutosha kufikia asubuhi.

Akupendaye daima, dada yako,

Gaynor