Meza ya Gari Ishushwe

Wanangu,

Nimekwenda kutafuta sinki dogo na mpira wa gesi. Chai iko kwenye chupa. Fundi wa kuchomelea atarudi saa sita kumalizia jiko la gari letu la chakula. Mfungulieni geti, ila asiguse meza kabla hamjasoma hapa chini.

Asubuhi aliniuliza meza ya kukatia ije usawa gani. Nikaonyesha kifuani kwangu bila hata kufikiri. Akacheka: "Mama, vitunguu utavikatia kidevuni?" Nami nikacheka, naye akaishikiza hapo hapo kwa muda, akaondoka. Huo ni usawa wa kiuno cha baba yenu. Mwaka mzima tulilipanga gari hili hivyo, yeye mezani, mimi dirishani nikipokea wateja. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Miezi minne tangu tumzike, na mkono bado haujaambiwa.

~~Mwambieni aiache hapo hapo, tutapanda kwenye stuli.~~

Hapana. Stuli ndani ya gari, mafuta yanachemka, mtu ataungua. Aishushe.

Dada mtu, mpishi ni wewe sasa, ingawa chumvi yako bado tunaiogopa. Ingia garini, vua hivyo viatu vyako virefu, simama wima, apime kiunoni kwako. Mimi nisingeweza kusimama pale nikaangalia.

Akishapima, achomelee moja kwa moja. Msiningoje. Nataka nikirudi nikute imeshashika.

Mama yenu