Jenerali Aliyekagua Hata Jiko

Mwaka mzima umepita, Koko Ésaïe, babu yetu, tangu asubuhi ile ya Aprili 2001 ulipoondoka hapa nyumbani Kimemi kabla chai yako haijapoa, wewe uliyetufundisha kwamba hakuna chombo kinachoondoka bila kukaguliwa.

Kwenye msalaba wa kaburi lako tuliandika: Jenerali Lusenge Ésaïe, mstaafu wa jeshi la anga. Nafasi ilikuwa ndogo. Haikutosha kusema kwamba ulizaliwa Beu kwa mama muuza chumvi. Kwamba siku uliyoona ndege kwa mara ya kwanza uliwasahau mbuzi uliokuwa ukiwachunga, nao wakamaliza kabichi za katekista. Na kwamba kwa miaka thelathini ulirusha ndege za mizigo. Ulibeba mchele, ng'ombe, magodoro ya hospitali, na askofu mmoja aliyetapika. Vyeo vilikufuata vyenyewe. Hukuwahi kudondosha bomu hata moja, na hilo ulijivunia kuliko nyota za mabegani.

Uliporudi nyumbani ulileta sanduku moja la bati na tabia moja. Kabla ya kitu chochote kuanza kazi ulikizunguka polepole, kiganja kikikigusa, kisha ukaandika kasoro zake kwenye karatasi na kutia sahihi. Baiskeli ya mjukuu wako Jephté. Jiko la mkeo, Koko Kanyere. Masanduku ya wajukuu wanaorudi shuleni, ambamo ulikuta vitu visivyopaswa kukutwa, ukaviandika vyote.

Halafu, katika mwaka wa pili wa vita hivi, wenye bunduki walikufuata nyumbani. Walikuwa na ndege kuukuu pale kiwanjani Rughenda, na mabomu ya kusukumwa kwa mikono kupitia mlangoni, juu ya vilima vya Lubero walikokimbilia watu. Binti yako Agar alikuwa huko na watoto wake. Walitaka jenerali atie sahihi kwamba ndege iko tayari. Ukakubali kwenda kuikagua. Nyumbani tuliona aibu.

Siku ya kwanza: tairi limekwisha. Siku ya tatu: bomba la mafuta linavuja. Siku ya nane: panya wametafuna nyaya. Kila kasoro ilikuwa ya kweli, na kila moja ilihitaji kipuri cha kutoka mbali.

"Lakini mzee, unatuchezea?" komanda alikuuliza. "Kama ni bongo, kama unatudanganya, tutakumaliza hapa hapa."

"Weka mukono hapa, mwana yangu. Unasikia mafuta?"

Jioni Koko Kanyere alilia. "Baba Agar, utakufa juu ya tairi!"

"Tairi ni mubovu, Kanyere. Niseme ni muzima?"

Siku ya kumi na tisa kasoro ziliisha. Yaliyofuata tulisimuliwa na Henri, rubani wa ndege ile, aliyekuja msibani kwako na koti la kuazima. Wewe, kuhusu goti lako, ulituambia tu kwamba uliteleza kwenye ngazi. Uliizunguka ndege mara tatu. Ukaandika: ndege ni nzima. Komanda akacheka. Kisha ukapanda ndani, ukaweka kiganja juu ya mabomu, ukaongeza mstari wa mwisho: mzigo ni mbovu.

"Muzigo iko na mubaya gani?"

"Iko ya kuua bamama na batoto. Nilibeba mizigo miaka makumi tatu. Hii hapana muzigo."

Walikuvunja goti kwa kitako cha bunduki. Wakati wanakupiga, Henri aliokota karatasi yako, akaisoma, akapita nyuma ya ndege, akatoroka kwa miguu mpaka Beni. Rubani mwingine hawakuwa naye. Majani yakaota mpaka mabawani, na Agar akavuna maharagwe yake.

Hukulalamika. Uliikagua fimbo yako mpya, ukaandika kwamba imepinda.

Mwaka uliofuata mjukuu mmoja, ambaye jina lake tunalificha kwa heshima ya masista wa bweni lake, alikizunguka kiti chako, kiganja kikikugusa, akakusomea kwa sauti ya kanisani: "Goti la kulia: linalia kama mlango. Masikio: yanasikia ndege za Rughenda, hayamsikii Koko Kanyere. Tumbo: limezidi uzito. Uamuzi: haruhusiwi kuruka."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaomba kalamu, ukatia sahihi.

Karatasi hiyo ingali ukutani, Koko. Inakukataza kuruka, na sahihi ni yako mwenyewe. Ukaondoka hata hivyo. Ndiyo mara pekee uliyovunja kanuni, na bado hatujakusamehe.

Tunaokukumbuka: mkeo Kanyere, ambaye jiko lake sasa linafuka moshi bila mtu wa kuliandika, wanao Agar na Maliro, wajukuu wako Jephté na Bénite, na Henri, anayeuza sabuni Beni.

Hatutakusahau kamwe. Kila ndege inapopita juu ya Kimemi tunatoka uani sote, tunasikiliza injini, na tunakuandikia kasoro zake.