Ilikuwa Chai Yangu

Mama,

Mi nilikukosea, na Zaina mutoto wako nilimukosea zaidi. Naanza na ile, juu nikianza na salamu nitazunguka mupaka karatasi iishe. Unanijua.

Ile alama ya moto kwenye mukono yako ya kuume haikuwa bugali ya Zaina. Ilikuwa chai yangu. Nilikuwekea kikombe kwenye mapaja, nikageuka kujibu telefone. Kikombe ikaanguka, chai yote ikamwagika juu ya vidole, na we ukaendelea kuniangalia, umetulia, kama vile mukono ni ya mutu mwengine. Tangu kiharusi ikuangushe, haikuwa inasikia kitu. Jioni baba mudogo akauliza nani amemuchoma mama. Nikasema, Zaina na mambo yake ya bugali. Maneno ikatoka mbio, hata mi nilishangaa. We ulikuwa pale. Mudomo yako ilikuwa imepinda, haukuweza kusema. Lakini macho haikupinda.

Unakumbuka vile alikuwa anafanya. Anatoka kwake Kanyosha asubuhi na bisi, anakukalisha kwenye mukeka, anachukua mukono yako anaiingiza mu bugali yenye joto kidogo. "Sikia kwanza, Mama. Kisha kamata." Alifundishwa na kine, ule madamu wa hospitali mwenye kunyoosha wagonjwa. Ule madamu alituambia mi na Zaina pamoja: mukono ya mama yenu haina ubovu, ubovu iko mu bongo. Ile fasi ya bongo yenye kutuma mukono inangoja habari itoke kwenye ngozi. Mukono ikigusa, habari inapanda, ile fasi inaamuka. Musipomupa kitu ya kugusa, itazidi kulala. Mi niliitika ndiyo madamu, ndiyo madamu. Mu roho nilisema hizi ni michezo ya watoto.

Tena nilikuwa na haya. Ile siku wakwe zangu walikuja, ukaingiza mukono mu sahani, samaki ndogo ya ndagala ikaruka mupaka kwenye kanzu ya baba mukwe. We ulicheka, upande mumoja. Mi sikucheka.

Na vidole ilikuwa imeanza kufunga, Mama. Niliona. Kidogo tu, kama mutoto muchanga akishika kidole ya mutu.

Kisha ya chai, wazee wakamukataza Zaina asikuguse tena. Mi nikafunga mukono yako na kitambaa, nikakulisha na kijiko, mu chumba, mulango imefungwa. Majirani wa Ngagara hapa wakanisifu, ati Hamisi anatunza mama yake. Ukakufa mukono imelala.

Kwenye maziko Zaina alikaa nyuma na majirani, kama mugeni. Wanawake wenye kukuosha hawakumuita. Mutoto wako wa kike mumoja, na hakukuosha. Nilikuwa nasimama pale, na nilikuwa na mudomo.

Sasa chumba yako iko vile vile. Bibi yangu amepeleka watoto likizo kwa mama yake, nakula peke yangu, radio tu njo inasema. Kijiko yako naiona mu kabati. Siishiki.

Juma iliyopita nilienda kung'oa jino. Daktari akanichoma sindano, nusu ya mudomo ikalala. Nikarudi kwenye kazi, garage, nikaomba maji. Mudomo ilikuwa nzima, inafunguka, inafunga, lakini haikusikia bilauri. Maji yote ikashuka mu shati. Wenzangu wakacheka mupaka mumoja akaacha ufunguo ya bolti ikaanguka. "Eh papa Hamisi, tukuletee biberoni ya mutoto?" Nikajaribu tena, ikamwagika tena. Nguvu ilikuwepo, Mama. Habari njo haikuwepo. Nikakaa juu ya tairi, shati imelowa, nikaona mukono yako mu ile kitambaa. Habari ilikuwa inataka kupanda, na mi njo nilifunga njia. Wenzangu walizani jino inaniuma.

Nataka kukuuliza kama ulikasirika. Kila jioni nauliza, napandisha radio.

Ijumaa hii, kisha ya swala, familia yote inakuja hapa kukusomea dua. Asubuhi, mbele watu hawajafika, nitaenda Kanyosha. Nitamuambia Zaina yeye wa kwanza, pale kwake, mbele ya bwana yake. Akitaka kunitukana, anitukane. Akikataa kuja na mi, nitarudi peke yangu na nitasema vile vile, mbele ya baba mudogo, mbele ya wakwe, mbele ya wale wanawake: ilikuwa chai, na ilikuwa mi. Bugali haitaguswa mbele sijasema. Na Zaina akiwa amekuja, mukono ya kwanza mu sahani itakuwa yake.

Mungu akurehemu, Mama, akupanulie fasi yenye unalala. Mukono yako ipumzike. Mudomo yangu njo iko na kazi Ijumaa.

Mutoto wako,
Hamisi