Mamba wa Kisigino

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha mguu, nimefunga kitambaa, nimeenda kwenye mbao zangu. Makambako nzima wananunua kwangu. Wenzangu wanauza kuni. Mligo, fundi wangu wa randa, akaleta wateja wasikie habari ya mamba. Nikawapa. Lupingu, ziwani, maji ya kiuno, mamba wa futi kumi na mbili, kisigino changu mdomoni mwake, kidole changu jichoni mwake. Midomo wazi. Wajinga hawaishi.

Jumatano, 5 Machi
Njombe. Atukuzwe, mtoto wa dada yangu, nesi, amenivuta kama mbuzi hadi kwa daktari. Kijana, ndevu za kuhesabu. Akasoma kadi ya zahanati: ameumwa na mamba. Miaka miwili wananipaka dawa ya kidonda kwa kadi hiyo. Atukuzwe akacheka. "Mjomba, Lupingu si ulienda kununua dagaa?" Mtoto hana adabu. Wamekata kinyama wakapime.

Alhamisi, 20 Machi
Majibu. Saratani ya ngozi, melanoma, aina ya nyayo. Adimu, kasema daktari. Nikasema bila shaka, mimi siugui magonjwa ya kila mtu. Hakucheka mtu. Na mtoki, uvimbe wa kinenani niliokuwa nauficha, nao ni saratani hiyo hiyo. Ikipanda zaidi, unaondoka mguu. Halafu mimi.

Jumatatu, 7 Aprili
Dar es Salaam. Joto la kipumbavu. Dripu ya kwanza, ya utafiti, bure. Eti dawa haiui uvimbe, inaamsha askari wa mwili. Na hawakati uvimbe kwanza, ili askari wamwone adui akiwa hai, waijue sura yake. Mimi nimefundisha mgambo Wanging'ombe. Hawa wangu wamelala lindoni miaka miwili. Ningewafukuza wote.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimerudi nyumbani. Tumbo linaendesha. Atukuzwe kapiga simu: "Mjomba, choo mara ngapi leo?" Nikasema mbili. Zilikuwa tisa. Mwanaume hahesabiwi chooni. Mara ya kwanza maishani nimepunguza hesabu.

Jumatatu, 21 Aprili
Nimeanguka mlangoni pa choo. Kanibeba Mligo, mtu anayehema akibeba ubao mmoja. Hospitali, Njombe. Askari wameamka kweli, wamevamia utumbo wangu. Atukuzwe anasema ningesema kweli wangetulizwa mapema, kwa vidonge tu. Akasimama kando ya kitanda, wodi nzima ikisikia: "Mjomba, danganya dunia nzima. Mimi nipe hesabu ya kweli, la sivyo nakuzika."
Nikasema Jumamosi zilikuwa tisa.
"Na jana?"
Kumi na nne.
Akaandika. Kisha akageukia dirishani, akajifuta macho. Nilijiona takataka.

Ijumaa, 6 Juni
Wamekata juzi. Uvimbe ulikuwa umesinyaa, kumbe wale wavivu walifanya kazi. Mtoki wameutoa. Kisigino nusu, wameziba kwa ngozi ya paja. Mguu upo. Nimeugusa mara nyingi.

Jumapili, 13 Julai
Baridi. Nimekaa mbele ya mbao, magongo pembeni. Mligo kaleta wageni wawili kutoka Kichiwa, akataka mamba. Nikasema hapakuwa na mamba. Kilikuwa kidoa cheusi, kama punje ya ulezi, nikakiacha. Wageni wakaaga. Hadithi haina chumvi.
Mligo akabaki. Nikamwambia vua mabuti.
Akavua. Nimezitazama nyayo zake zote mbili, polepole, hadi katikati ya vidole.
Safi. Zinanuka.