Ratiba ya Watoto Kumi na Wanane

Siku themanini na nane! Toka ghorofa yenu mpaka kibandani kwangu ni kuvuka barabara mbili tu, tena moja ina taa, na wewe unaniletea barua kwa posta kama mtu aliyehamia Busan. Tumbo lilipokuwa mbele hukukosa Jumanne hata moja. Ulikaa kwenye kigoda changu ukinusa mwani wangu mkavu, ukasema ndiyo harufu pekee isiyokutapisha. Mtoto kaja, kigoda kakirithi paka. Nimekasirika, na usidhani hasira yangu imeishia hapo. Lakini kwanza wasomaji wengine wa safu yangu hii nao waisikie barua yako, maana hayo hayajakupata peke yako. Mimi shule sikuiona. Barua nimesomewa na muuza tofu, jirani yangu hapa sokoni, na majibu haya ananiandikia yeye. Ana watoto wanne na si mtu wa kulia ovyo, ila mahali fulani alisimama akasema, "Ngoja kwanza, Bibi," akajifuta kwa aproni.

*

Bibi Sun-deok, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya hapa, na unisamehe kwamba naandika badala ya kuja, ni aibu tu, utaona mwenyewe kwa nini.

Mwanangu Sol ana siku themanini na nane leo, na tangu tulipotoka kwenye nyumba ya kupumzikia wazazi, wiki mbili baada ya kujifungua, nimemlea kwa ile karatasi tuliyopewa mlangoni, nimeibandika kwenye friji, nayo inasema anyonye saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa, mchana na usiku vivyo hivyo, dakika kumi titi hili na dakika kumi lile, aoge saa nne asubuhi, alale peke yake kwenye godoro lake, na kule alifuata yote bila shida, wauguzi wakimsifu kwamba huyu hana makuu, basi nikajiapiza kwamba hata nikishindwa mengine yote hili sitalishindwa. Lakini nyumbani haijafika hata saa moja na nusu tangu anyonye anaanza kutafuta, anageuza shingo, anakula ngumi, kisha analia, nami natazama saa naona bado sana, namwimbia, nampa chuchu ya plastiki, namtembeza sebuleni, na mara mbili, Bibi, nilimweka kwenye godoro nikafunga mlango nikakaa jikoni nimeziba masikio, mara ya pili ilikuwa dakika arobaini, na saa yake ilipofika alikuwa amechoka mpaka hana nguvu, akanyonya kidogo akalala, nami nikasema moyoni afadhali, ameanza kuzoea.

Na wenzangu tuliokaa nao ile nyumba, tuko kumi na mmoja kwenye kundi la simu, kila asubuhi wanaandika wangu kalala saa sita mfululizo, wangu saa saba, wangu kajizoesha mwenyewe, nami nimekuwa nikiandika wangu pia, na si kweli, hajawahi kulala hata saa tatu, nikaweka na picha yake amelala, picha ya wiki iliyopita.

Sasa mama mkwe wangu. Alikuwa anakuja kila Ijumaa kwa basi kutoka kijijini kwao, kwenye mashamba ya viazi, na akiingia tu hata koti hajavua anamfunga Sol mgongoni kwa mbeleko yake ya zamani na kuzunguka naye nyumba nzima akiosha vyombo na kumenya vitunguu saumu, mtoto kimya, amelala kama jiwe, halafu mama anaondoka na mimi nabaki na mtoto asiyekubali kuwekwa chini mpaka Jumapili. Nilimwambia, "Mama, unanivunjia ratiba." Akacheka, akasema, "Ratiba ndiyo nini, mwanangu, ya basi?" Nikakasirika, Bibi, nilikuwa sijalala, na Jumatatu yake nikaichukua ile mbeleko nikaitia kwenye lile sanduku la nguo kuukuu zinazozolewa na gari pale chini ya ghorofa. Ijumaa alipokuja aliitafuta kabatini.

"Mwanangu, mbeleko iko wapi?"

"Nimeitoa, Mama. Ilikuwa imechakaa."

"Imechakaa, eeh," akasema. "Ilimbeba mumeo. Ikambeba dada yake. Ikambeba na yule mdogo wao asiyefika mwaka."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kulikuwa na mdogo wao. Akavaa viatu, akasema anawahi basi la saa nane, na hiyo ni wiki ya tatu hajakanyaga kwetu. Mume wangu, Gyu-ho, ananiuliza, "Ulimwambia nini mama?" Namjibu sikumwambia kitu, na kwa kweli sikumwambia.

Juzi nilimpeleka Sol kupimwa uzito. Muuguzi wa kituo cha afya alitazama mizani, akatazama kadi, akampima tena. "Mama Sol, mwezi mzima gramu mia tatu. Huyu anakula?" Nikasema anakula kwa ratiba. Akaniambia niseme na daktari wiki hii hii, akatuandika kwenye foleni yake, nami nikaondoka kabla sijaitwa kwa sababu saa sita ilikuwa imekaribia na nilitaka kuwahi nyumbani kumnyonyesha kwa wakati.

Siku kumi na mbili kutoka leo atatimiza siku mia, na ni sherehe yake. Mama mkwe ndiye angepika ule mkate wa mchele mweupe wa kugawia majirani. Naomba uniambie, niendelee na karatasi au niiache, na nikiiacha nitajuaje wakati wa kumlisha? Maana bila karatasi, Bibi, sijui kitu.

Mama Sol, ghorofa ya tisa

*

Mama Sol,

Kesho asubuhi, kituo kikifunguliwa, unakwenda kwa daktari. Hilo ndilo la kwanza na halina mjadala. Ukae mpaka jina la mtoto liitwe, hata ikifika saa sita, hata ikifika jioni, na akitaka kunyonya ukiwa umekaa kwenye benchi unamnyonyesha hapo hapo kwenye benchi. Unamweleza daktari yote, mlango uliofunga na dakika arobaini. Hatakula nyama yako. Na kama kabla ya hapo mtoto amelegea, haamki kunyonya, nepi inakaa kavu nusu siku au mwili umechemka, usingoje asubuhi wala usinisome mimi. Kimbia hospitali.

Haya. Sasa kaa nikwambie kuhusu hiyo karatasi, maana naijua kuliko wewe.

Nimepika supu ya mwani, ile wanayonyweshwa wazazi, miaka sita kwenye nyumba ya kupumzikia wazazi. Si hiyo uliyokaa, ni nyingine, imeshafungwa. Lakini karatasi zenu mimi naona ni zile zile, zinabadilishwa picha ya juu tu, mara dubu, mara sungura. Chumba cha watoto kilikuwa na watoto kumi na wanane na wauguzi watatu. Watoto kumi na wanane, mama! Ukimngoja kila mmoja aombe mwenyewe, wauguzi watatu wataangua kilio wao. Kwa hiyo waliwalisha kwa saa, wote kwa mkupuo, na zamu inayotoka ilitaka kuwaacha wameshiba ili zamu inayoingia isianze na kelele. Na kuoga saa nne? Unajua kwa nini saa nne? Kwa sababu yangu. Saa hiyo nilikuwa nimeshaosha masufuria ya asubuhi na sijaanza ya mchana, basi maji ya moto hayakuwa na mwenyewe. Mkuu wa wauguzi aliniuliza, "Dada Sun-deok, maji unayaachia saa ngapi?" Nikamwambia saa nne. Akaandika. Ndiyo hiyo elimu ya kitaalamu uliyoibandika kwenye friji.

Siwalaumu. Kwa kazi yao ile karatasi ilikuwa sawa, na wewe ulikuwa na mshono unaouma, ulihitaji kulala. Lakini ilikuwa ya mtoto wa siku kumi, kati ya wenzake kumi na saba, nawe umemvalisha mtoto wa siku themanini na nane aliye peke yake na mama yake. Tena mtoto wa siku kumi huwa amelala tu, ndiyo maana hakuwa na makuu. Sasa ameamka. Ana njaa ya mtu anayekua, anakwambia kwa shingo, anakwambia kwa ngumi, na wewe unaangalia saa ukutani. Mtoto akifika kulia ameshaomba mara tatu. Na aliponyamaza siku ile hakuzoea. Alichoka. Lazima nikuambie hilo hata kama litakuuma, kwa sababu usipolijua utalirudia.

Na maziwa nayo hayana saa. Yanakuja kwa kunyonywa. Ukimkatisha dakika kumi kila upande, titi linaelewa kwamba huyu hataki zaidi, linapunguza. Mwache titi moja mpaka aliachie yeye, ndipo umpe la pili. Kama daktari akisema aongezewe maziwa ya kopo, mwongezee, usianze kulia kwamba umeshindwa.

Nasikia unasema, basi Bibi hataki ratiba. Nani kakwambia? Mimi kibanda changu kinafunguliwa kwa wakati mmoja kila siku ya Mungu, na paka mwenyewe anaujua. Mtoto anapenda siku inayofanana na jana. Ila siku yake haishikwi na saa, inashikwa na mfuatano. Akiamka, anyonye. Akishiba, umbadilishe, umwongeleshe, umlaze kifudifudi kidogo ukiwa unamtazama, umwonyeshe dirisha. Akianza kusugua macho, kukodoa tu, kununa bila sababu, anataka kulala: punguza mwanga, mwimbie ule ule wimbo, mlaze chali kwenye godoro gumu lisilo na mito. Akiamka, unaanza tena. Mara nyingine mzunguko utakuwa saa moja na nusu, mara saa tatu, usiupime. Ukiufuata siku kumi utashangaa, utaanza kujua mwenyewe kwamba saa hizi atataka nini, na hapo ndipo utakuwa na ratiba, yake.

Kitu kimoja tu nakuruhusu kukifunga kwa saa: kuoga, jioni, Gyu-ho akirudi kazini. Aoge na baba yake. Mwanamume ana mikono miwili na mtoto ana mwili mmoja, atajifunza. Wewe wakati huo jifungie ulale, siyo ufue.

Na hesabu ukitaka, najua unapenda, hesabu nepi. Mkojo mara sita au zaidi kwa siku, sawa. Pungufu, unarudi kwa daktari.

Lile kundi la simu, acha kulidanganya. Unadhani wenzako kumi wanasema kweli? Wawili wamepita kwangu wiki hii kununua mwani, macho yamewaingia ndani kama visima. Andika kesho: "Wangu halali, na uzito haupandi." Uone watakavyojitokeza mmoja mmoja.

Mama mkwe. Hapa ndipo nilipotaka kuvaa viatu nikufuate ghorofa ya tisa.

Kitambaa kile hakirudi. Usikimbie dukani kumnunulia kipya cha vifungo vya chuma kumziba mdomo, utamtukana mara ya pili. Jumamosi hii mfungeni Sol garini, nendeni kijijini, na kabla ya safari mwambie Gyu-ho ukweli, maana ni mbeleko yake pia. Mkifika, hata chai hujanywa, piga magoti useme: "Mama, niliitupa mimi, kwa hasira, sikujua, nimekosa." Halafu nyamaza. Usiweke "lakini". Usitaje usingizi wako, ratiba wala karatasi. Atakachosema, kaa usikie. Asiposema kitu, kaa vile vile. Halafu mwulize jina la yule mdogo wao. Miaka yote hiyo labda hakuna aliyemwuliza.

Kisha mwambie kwamba uzito wa Sol haupandi na unaogopa. Mwambie hivyo hivyo. Mwanamke aliyezika mtoto hatakaa kijijini akisubiri basi la Ijumaa.

Naye ana lake, usidhani namtetea tu kwa kuwa ni mwenzangu wa mvi. Mtoto mwenye shingo changa habebwi mgongoni kichwa kinaning'inia, ashikiliwe kifuani mpaka shingo ikaze vizuri, daktari atawaambia. Na akishasinzia, walau mara moja kwa siku amlaze chini, ili ajue kwamba chini nako kunalalika. Mwambie Sun-deok wa sokoni ndiye kasema. Akinuna, anune na mimi.

Umeandika kwamba bila karatasi hujui kitu. Mwenyewe umeandika anageuza shingo, anakula ngumi, ndipo analia. Nani kakufundisha mpangilio huo? Haumo kwenye karatasi. Umeuona kwa macho yako siku themanini na nane, ila ulikuwa ukiuona na kuukataa.

Jumanne, kabla ya saa nne, wateja wangu hawajaanza kuja, uwe umekaa kwenye kigoda. Usimnyonyeshe kwanza nyumbani. Mlete na njaa yake, nami nitashusha turubai la kibanda, nitakaa hapo mbele yako, nimtazame akinyonya mpaka aachie mwenyewe.