Tao la Kuizunguka Dunia Limeniondolea Mke

Bwana Mshauri mpendwa, baada ya salamu, naomba unisaidie kabla sijawa kichekesho cha Mafia nzima. Mimi ni mwashi hapa Kilindoni, kazi yangu matao ya milango, na juzi barazani shemeji yangu Mbarouk alisema hakuna daraja lisilo nguzo, nami nikamjibu kwamba tao likiizunguka dunia yote, juu ya mawingu, ncha zikakutana, halihitaji hata nguzo moja, kwa kuwa dunia italivuta sawasawa kila upande na kila jiwe litaegemea jingine, naye akasema, "Shemeji, hata banda la kuku lina nguzo," watu wakacheka, hasira zikanipanda, nikaapa mbele yao: tao hilo likijengwa kisha likaanguka, Arafa si mke wangu. Huyo Arafa ni dada yake. Habari zilinitangulia nyumbani, nikamkuta anafunga nguo, nikamwambia, "Mke wangu, tao lenyewe halipo," akasema, "Mke wa nani? Nakwenda Utende kwa mama mpaka nijue linasimama au linaanguka." Leo siku ya tisa nakula mihogo ya kuchoma, na nampenda. Je, lingesimama?

Muhidini, Kilindoni

Bwana Muhidini, pole kwa mihogo. Lingeanguka.

Hesabu yako ni sawa maadamu dunia iko katikati kabisa. Sasa chukua kifuu, kifunike, weka komwe la bao juu yake: litatulia mpaka mtu apige chafya. Tao lako nalo likisogea unywele mmoja, upande uliokaribia dunia huvutwa zaidi, ukivutwa hukaribia, ukikaribia huvutwa zaidi tena, mpaka ushukie paa la mtu. Ukilizungusha kwa kasi utalipunguzia uzito, lakini hutalirudisha katikati. Matao yako ya milango hayasogei kwa kuwa miguu yake umeishika ukutani. Hili ungelishika wapi? Nyota ya Zohali ina pete, nimesoma, lakini wataalamu wanasema ni vipande visivyohesabika, kila kimoja kikizunguka kivyake kama mwezi.

Basi Mbarouk ameshinda, ingawa kwa sababu asiyoijua.

Lakini wewe, mtu mzima unayepima ukuta kwa timazi, unamtia mkeo katika mabishano ya baraza? Aibu. Kiapo chako kina sharti la kujengwa. Kipeleke kwa kadhi kama ulivyokitamka, usiongeze wala usipunguze. Hukumu ni yake, si yangu. Mimi naona tu kwamba mawe ya Mafia yote hayafiki hata Rufiji. Kisha nenda Utende, umwombe radhi mkweo kwanza, halafu Arafa. Akikuuliza habari za tao, mwambie kweli: lingeanguka, ndiyo maana hulijengi.