Baba Mdogo Katafsiri Filamu Mbele ya Wakwe

Flora weee, nimejificha nyuma ya nyumba nicheke.

Si unajua baba mdogo anatafsiri filamu kwenye kibanda cha video, na akikwama anachomekea mambo ya nyumbani? Leo wakwe zake Aneth wamekuja kula. Akaweka filamu ya zamani ya Denmark, familia iko mezani. Lugha yenyewe hajui hata neno!

Akaanza: "Mama anamnong'oneza binti, 'Huyu kuku kapikwa na jirani, wakwe wasijue.'"

Flora, ni sisi hao! Tulishawaambia kapika Aneth!

Aneth kaganda, tonge mkononi.

Mama mkwe akaweka paja la kuku chini taratibu. "Mkwe, umemruka huyu bibi mwenye kofia. Anajibu, 'Na mwanangu wa kiume ana miaka thelathini, bado namfulia soksi.'"

Stanley, mchumba mtu, kajifunika kitambaa cha meza.